Maswali na Majibu: Je, Maji Yakipita Haraka Hukosa Muda wa Kuacha Joto?

Safari hii tumechagua barua tatu, mbili za Goma na moja ya Bukavu. Waandishi wake hawajuani, lakini wote watatu wanauliza jinsi mwendo wa maji au hewa unavyoamua kiasi cha joto kinachohama.

SWALI: Ndugu Mwalimu, mimi ni fundi wa jenereta, naishi Ndosho, hapa Goma. Kuna jenereta ya dizeli inayoendesha kinu cha kusaga mahindi, nayo huchemsha maji kila inapofanya kazi kwa saa moja hivi. Mwenzangu aliondoa themostati (ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ili maji yapite bila kizuizi, lakini hali haikubadilika. Mzee mmoja wa gereji akatuambia kwamba sasa maji yanakimbia mno, hayapati muda wa kuacha joto ndani ya rejeta, na kwamba tuweke kibati chenye tundu dogo ili yapunguze mwendo. Je, ni kweli? (Fundi wa Ndosho, Goma)

JIBU: Ndugu fundi, ushauri wa mzee huyo nimeusikia katika gereji nyingi tangu nilipokuwa kijana, na siudharau, kwa sababu umetokana na jambo ambalo mkono wa fundi hulihisi kweli. Hata hivyo sababu anayoitoa haina ukweli, na kibati hicho kitaizidishia injini joto.

Tuanze na hilo ambalo mkono hulihisi. Injini ya dizeli inayotoa kilowati 15 za kazi huyaachia maji yake ya kupozea joto linalokaribia kiasi hicho hicho. Basi tuchukue kilowati 15. Kila lita ya maji huhitaji takribani kilojuli 4.2 ili halijoto yake ipande digrii moja, na hutoa kiasi hicho hicho inaposhuka digrii moja. Pampu ikizungusha nusu lita kwa sekunde, maji yatashuka kwa digrii 7 hivi kati ya mpira wa juu wa rejeta na mpira wa chini. Ikizungusha lita nzima kwa sekunde, yatashuka kwa digrii 3 na nusu tu. Fundi akishika mipira yote miwili ataona imekaribiana joto, naye atasema kwamba maji yamepita bila kupoa. Lakini joto lililotoka hupatikana kwa kuzidisha digrii kwa wingi wa maji, na nusu lita kwa digrii 7 ni sawasawa na lita moja kwa digrii 3 na nusu. Chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inayobeba nusu ya mzigo lakini inakwenda safari mbili imefikisha sokoni viazi vile vile.

Tena kuna nyongeza ndogo kwa maji yanayokwenda haraka. Kwa kuwa hayajapoa sana yanapofika chini ya rejeta, rejeta nzima inabaki ya moto kuanzia juu hadi chini, na kadiri chuma kilivyo cha moto kuliko hewa inayokipita, ndivyo kinavyotoa joto zaidi. Muda mfupi wa kila tone la maji umefidiwa, na chenji imebaki.

Sasa niingie katika kiini cha jambo, maana bila hicho hatutaelewa kwa nini jenereta yenu bado inachemsha. Maji au hewa (nitaviita vyote viwili giligili, yaani kitu chochote kinachotiririka) vinapopita juu ya ukuta wa chuma, chembe zilizogusana na ukuta hazisogei kabisa. Zilizo juu yake husogea kidogo, zinazofuata husogea zaidi, mpaka tunapofika kwenye mkondo ulio huru. Eneo hilo jembamba, ambalo mara nyingi halifiki hata unene wa ukucha, ndilo lililoelezwa na Mjerumani Ludwig Prandtl mwaka 1904, na mimi napenda kuliita utando wa mpakani. Nje ya utando, joto hubebwa na mkondo wenyewe, na uchukuzi huo ndio unaoitwa myuko. Karibu kabisa na ukuta hakuna wa kulibeba; joto lazima lipokezwe chembe kwa chembe, na katika kazi hiyo maji ni dhaifu mno: aluminiamu huyashinda mara mamia. Hewa ni dhaifu kuliko maji kwa zaidi ya mara 20. Kwa hiyo joto la injini halishindwi kupita kwenye chuma, wala halishindwi kusafiri na mkondo. Linakwama katika utando, na kila hali ya mtiririko inayoufanya utando kuwa mwembamba, au inayouchanachana, huongeza joto linalohama.

Mtiririko una hali mbili kubwa. Washa mshumaa umeme ukikatika, kisha uuzime na utazame moshi wa utambi katika chumba kisicho na upepo. Kwanza hupanda kama uzi ulionyooka, halafu, kiasi cha shibiri moja au mbili juu, uzi hukatika na moshi hujikunjakunja na kuzagaa. Sehemu ya chini ni mtiririko tulivu, ambamo kila tabaka huteleza juu ya jingine bila kuchanganyika. Sehemu ya juu ni mtiririko wa msukosuko, ambamo vizingia vidogo huingia na kutoka katika kila tabaka. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi katikati ya mirija ya kioo yenye maji, akaona jambo hilo hilo: mwendo ukiwa mdogo uzi wa rangi unanyooka, mwendo ukizidi kiwango fulani rangi inavurugika na kuujaza mrija. Alionyesha kwamba kinachoamua ni mwendo ukizidishwa kwa kipenyo cha mrija na kugawanywa kwa mnato wa maji, yaani jinsi yanavyokataa kutiririka. Jibu la hesabu hiyo leo huitwa namba ya Reynolds. Katika mrija wa duara, chini ya 2,300 hivi mtiririko kwa kawaida ni tulivu. Ukipanda juu ya hapo msukosuko huanza kujitokeza, na kufikia elfu kadhaa huwa umetawala.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe uliyeshika spana? Chukua mrija wenye kipenyo cha milimita 3, wenye maji ya digrii 85 yanayokwenda nusu mita kwa sekunde. Namba ya Reynolds hapo ni zaidi kidogo ya 4,000, maana yake maji yana msukosuko na vizingia vyake vinapangusa ukuta wa mrija bila kukoma. Weka kile kibati chenye tundu dogo, mwendo ushuke kwa nusu, na namba itashuka hadi 2,000 na kidogo. Maji sasa yanapita kimya, kila tabaka mahali pake. Yaliyo pembeni yamepoa na yamebaki pembeni, yaliyo katikati yanatoka upande wa pili yakiwa bado ya moto. Uwezo wa maji kuukabidhi ukuta joto lake hushuka mara kadhaa kwa badiliko hilo moja. Mirija ya rejeta nyingi ni bapa, kwa hiyo tarakimu hazitakuwa hizi hasa, lakini mteremko ni huo huo. Ndiyo maana nasema kibati kitawaletea hasara.

Kinyume chake, msukosuko ukishatawala, kuongeza mwendo maradufu hupandisha uwezo huo kwa karibu asilimia 74, si kwa asilimia 100, na nguvu inayodaiwa na pampu hupanda karibu mara saba au nane. Waundaji wa injini hawakuchagua mwendo wa pampu kwa kubahatisha. Wamesimama pale ambapo faida ya mwendo bado inalipa gharama yake.

Kwa nini basi kuondoa themostati hakukusaidia? Kwa sababu tatizo lenu, kwa maelezo uliyonipa, karibu kwa hakika liko upande wa hewa. Kila mita ya mraba ya chuma, kwa kila digrii moja ya tofauti, huweza kupokea maelfu ya wati kutoka kwa maji yenye msukosuko, lakini hewa inayosukumwa na feni huchukua wati makumi kadhaa, pengine mia na ushei. Ndiyo sababu rejeta ina vile vibati vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu: ni njia ya kuipa hewa eneo kubwa zaidi la kugusa, kwa kuwa ni mchukuzi dhaifu. Mlango mwembamba uko huko. Ukipanua mlango wa maji, ambao tayari ulikuwa mpana, foleni haitasogea.

Hapa Goma hewa yenyewe imetupunguzia haki. Tuko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani kwa halijoto ile ile. Feni inazunguka vile vile, lakini uzito wa hewa inayopita ni mdogo zaidi. Maji nayo, kwenye chombo kilicho wazi, huchemka hapa kwenye digrii 95 hivi. Kifuniko kizima cha rejeta chenye shinikizo la bari 0.9 huyawezesha kuvuka digrii 110 bila kuchemka, lakini kifuniko ambacho mpira wake umekauka hakishiki kitu. Nimeona watu wakibadilisha pampu mara mbili, ilhali kifuniko kibovu kiko mbele ya macho yao.

Halafu kuna vumbi letu jeusi la volkano. Siku moja nilisimama na fundi nyuma ya kibanda kimoja Katindo, akafungua rejeta iliyosemekana kuwa safi. Kwa mbele ilikuwa safi kweli. Akapitisha maji ya mpira taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa, na kwa dakika nzima maji yakatoka mazito kama kahawa isiyochujwa, yenye mchanga mwembamba uliochanganyika na mafuta. Katikati ya rejeta hiyo hewa ilikuwa haipiti kabisa. Hewa iliyozuiwa haina myuko, imegeuka blanketi.

Kwa hiyo, ndugu fundi, rudisha themostati. Kuna injini ambazo themostati yake, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji hayapoi kamwe, na nadhani ndipo hadithi ya maji yanayokimbia mno ilipozaliwa. Osha rejeta kutoka ndani kwenda nje. Kaza mkanda wa feni. Jenereta ikizunguka, shika karatasi ya daftari mbele ya rejeta, upande ambao hewa inaingilia: inapaswa kuvutwa na kubaki imeganda kila sehemu, pembeni na katikati; inapoanguka, hapo hewa haipiti. Angalia pia kama jenereta imefungiwa katika chumba kidogo ambamo hewa ya moto inarudi mbele na kuvutwa tena. Kama mmekuwa mkijaza maji ya ziwa, chungulia ndani ya mirija, kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa: maji ya Kivu yana chumvi nyingi za madini, na koga jeupe gumu linaloachwa na maji ya namna hiyo huzuia joto kuliko chuma, tena hakuna mwendo wa maji unaoweza kulichanachana.

SWALI: Mwalimu, nauza uji wa mtama asubuhi karibu na soko la Birere. Maji matupu yakiwa kwenye mbabula (jiko la makaa) naweza kuyaacha nikafanya mengine, lakini uji nikiuacha dakika chache tu unaungua chini, na juu bado ni vuguvugu. Moto ni ule ule, sufuria ni ile ile. Kwa nini? (Mama wa Birere, Goma)

JIBU: Mama, maji matupu yanajikoroga yenyewe. Yale ya chini yakipata moto hutanuka, huwa mepesi, hupanda, na yaliyopoa juu hushuka kuchukua nafasi yao. Ukidondosha punje chache za unga ndani yake utaziona zikizunguka bila mkono wa mtu. Huo ni myuko wa asili, hauhitaji pampu wala feni. Lakini wanga wa unga ukifika karibu na digrii 70 huvimba na kushikamana, na mnato wa uji huwa mkubwa kuliko ule wa maji mara nyingi sana. Wepesi wa uji wa chini bado unausukuma upande juu, ila mnato unaushika miguu. Mzunguko unakufa, joto linabaki kupokezwa chembe kwa chembe, na lile tabaka lililoganda chini linakauka, linavuka digrii za kuchemka na kuungua huku la juu likingoja.

Mwiko wako ndio mtiririko. Ninachotaka kuongeza ni hiki tu: utando unaoungua uko kwenye sakafu ya sufuria, wala hauko katikati, kwa hiyo mwiko unaozungusha uji katikati hata kwa nguvu unasaidia kidogo kuliko mwiko bapa unaokwangua chini polepole, hadi kwenye kona ambako sakafu inakutana na ukuta. Uji ukishashika, punguza makaa. Uji mzito hauwezi kuchukua joto kwa kasi ambayo maji huchukua, na moto unaozidi uwezo wake huishia kwenye ukoko.

SWALI: Mwalimu mpendwa, ninasoma mwaka wa sita wa sekondari, Kadutu, Bukavu. Tumefundishwa kwamba maji ya moto hupanda. Lakini mwalimu wetu alituambia kwamba chini kabisa ya Ziwa Kivu maji ni ya moto kuliko ya katikati. Kwa nini hayapandi? Na je, upepo wa kiangazi hauwezi kuyapindua? (Mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mwanangu, swali lako ni zuri kupita yote niliyopokea mwaka huu, na mwalimu wenu amesema kweli. Juu ya ziwa maji yana digrii 24 hivi. Ukishuka yanapoa kidogo, hadi chini kidogo ya digrii 23 karibu na mita 80 au 100, kisha yanaanza kupata joto tena, na kwenye kina kikubwa, ambacho kinakaribia mita 480, yanafika digrii 26. Joto hilo la chini huletwa na chemchemi zinazoingia ziwani kutoka katika miamba ya eneo letu la volkano.

Kanuni mliyofundishwa inahitaji neno moja zaidi: hupanda kilicho chepesi. Maji yakiwa na chumvi ile ile, ya moto ndiyo mepesi. Katika Kivu, maji ya chini yamebeba chumvi nyingi zaidi, kiasi cha gramu 6 kwa lita huku ya juu yakiwa na gramu 1 hivi, na yamebeba pia gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, ambayo nayo huyaongezea uzito. Uzito huo unazidi kwa mbali wepesi unaoletwa na digrii tatu za joto. Basi maji ya moto yanabaki chini ya maji ya baridi, jambo ambalo katika sufuria ya Mama wa Birere lisingewezekana.

Usifikiri hata hivyo kwamba joto limefungwa. Joto hupenya majini kwa haraka takribani mara 100 kuliko chumvi. Tabaka la juu kidogo hupata joto la jirani yake wa chini bila kupata chumvi yake, linakuwa jepesi kwa chini, linaanza kujikoroga kama sufuria. Lakini mkorogo huo unagonga dari, kwa sababu juu yake kuna tabaka jingine lenye chumvi pungufu ambalo maji haya hayawezi kulipenya. Matokeo ni ngazi. Vipimo vilivyoshushwa ziwani tangu miaka ya 1970 vimeonyesha, badala ya mteremko laini wa halijoto, vidato vidogo vidogo: takribani 300 kwa jumla, vingi vikiwa na unene usiozidi mita moja. Ndani ya kila kidato maji yamechanganyika sawasawa na halijoto ni moja. Kati ya kidato na kidato kuna mpaka mwembamba usio na mkorogo, na hapo joto halina njia ila kupokezwa chembe kwa chembe. Ukisoma jibu nililompa fundi wa Ndosho, utautambua mpaka huo: ni ule ule utando, isipokuwa huku hauna ukuta wa chuma, na iko mipaka karibu 300 iliyopandana. Ndiyo maana joto la chini linapanda polepole mno.

Kuhusu upepo wa kiangazi: kati ya Juni na Agosti upepo unavuma, hewa ni kavu, maji ya juu yanapoa kwa kuvukiza, yanakuwa mazito na kushuka. Huo ni myuko wa kweli, na hupandisha virutubisho vinavyolisha sambaza wanaovuliwa usiku kwa taa. Lakini maji hayo yaliyopoa yanashuka hadi mita 60 hivi, mara nyingine zaidi kidogo, kisha yanakuta maji yenye chumvi ambayo ni mazito kuliko yenyewe, yanasimama. Methani na kaboni dayoksaidi nyingi za ziwa hili ziko chini sana ya hapo, nyingi zaidi ikiwa chini ya mita 260, ambako chumvi inaongezeka kwa ghafla. Upepo wa kiangazi hauna nguvu ya kufika huko.